Muhammed Said Abdulla: Mzee wa Makunduchi Aliyeninyima Usingizi Nakuru

Mwaka 1979, nikiwa kijana ambaye hata ndevu hazijakamilika, nilipelekwa Nakuru kumsaidia mjomba wangu dukani. Mjomba alikuwa akiuza nguo na mablanketi Bondeni, mtaa ambao kwa miaka mingi umekuwa ndio makao ya Waislamu wa mji ule, na ambao mtu wa pwani akifika hupata japo harufu ya kwao: adhana, mahamri ya asubuhi, na wazee wa kofia waliokaa barazani. Vingine vyote vilikuwa vigeni kwangu. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, lakini wakati ule ulikuwa mji wa wakulima na watu wa reli, uliopanda juu karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na mtoto wa Kibokoni aliyezoea kulala kwa shuka moja alijikuta akilala kwa mablanketi mawili na soksi miguuni.

Nyuma ya mji ule umesimama mlima Menengai, na juu yake liko lile shimo kubwa la volkano lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 90. Watu wa huko hawapendi kulitaja usiku. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 Wamaasai walipigana wao kwa wao juu ya mlima ule, na kundi lililoshindwa likasukumwa likaangukia shimoni; na mvuke unaotoka katika nyufa za mawe, wenyewe husema ni roho za wale maiti zinazotaka kupanda juu zikashindwa. Aliyeingia humo kutafuta kuni akachelewa kurudi, haisemwi kuwa amepotea njia, husemwa amechukuliwa.

Chini ya mlima huo, mvua za masika zikipiga bati, ndipo nilipokutana na kitabu kiitwacho Mzimu wa Watu wa Kale. Kilikuwa kimeachwa dukani na dereva mmoja wa lori, mtu wa Tanga, aliyekisahau juu ya robota la mablanketi alipoingia kununua koti. Jalada lake lilikuwa limelegea na kurasa zake zilikuwa na alama za vidole vya grisi. Nilikifungua baada ya Isha kwa nia ya kutazama kurasa mbili tatu tu, kwani mjomba hakupenda taa iwake bure. Nilipoinua kichwa, muadhini alikuwa akiita watu kwa sala ya alfajiri.

Msomaji aliyekwisha kupatwa na hali hiyo hahitaji kuelezwa. Mtu mwenye mali ameuawa, na maiti yake imeonekana penye mzimu ambapo wenyeji huweka nadhiri zao. Kila mmoja ana neno lake na kila mmoja ana hofu yake. Kisha anakuja bwana mmoja mpole, mvuta kiko, apendaye kukaa na kusikiliza kuliko kusema, na jina lake ni Bwana Msa. Yuko pamoja naye sahibu yake Najum, ambaye huona yale yale tunayoyaona sisi na kukosea pale pale tunapokosea. Na yuko Spekta Seif wa polisi, mwenye cheo na haraka. Basi mtu hufungua ukurasa mmoja ili aone huyu amejibu nini, akafungua wa pili ili aone yule alikuwa wapi, na usiku ukamalizika.

Nilijiuliza: nani huyu aliyeandika haya? Maana Kiswahili chake hakikuwa cha shule. Kilikuwa cha nyanya zetu, kimejaa mafumbo na mizaha, na majibu ya mkato ambayo mtu huyasikia penye kisima au ukumbini kwenye harusi. Ilinichukua miaka kuyakusanya machache niyajuayo juu yake, na hayo ndiyo ninayowaletea leo.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, mwezi wa Aprili 1918. Siku hizo Sultani alikuwa Seyyid Khalifa bin Harub, na Waingereza walikuwa wameiweka Zanzibar chini ya ulinzi wao tangu 1890. Aliyefika Makunduchi anaijua ardhi ile: mawe matupu, minazi, na bahari yenye miamba. Ndiko kwenye sherehe ya Mwaka Kogwa, ambapo wanaume hupigana kwa vigomba ili kuyamaliza magomvi ya mwaka uliopita, na kibanda cha makuti hutiwa moto. Ni watu wa dini, wenye misikiti na madrasa, na papo hapo ni watu wenye mila za kale zilizokaa pembeni ya dini kama mpangaji asiyelipa kodi wala asiyefukuzwa. Sisemi kwamba ndiko alikolitoa lile jina la mzimu, lakini mtu aliyezaliwa huko hakuwa na haja ya kuhadithiwa mzimu ni kitu gani.

Alimaliza masomo yake mwaka 1938, akaajiriwa katika idara ya afya ya mji kama mkaguzi, yaani yule tunayemwita bwana afya. Kazi hii watu huipita haraka wanapoeleza maisha yake, mimi sitaipita. Bwana afya huingia nyumba za watu. Hutazama birika la maji, hufunua mtungi, huuliza taka zinatupwa wapi na nani amelala chumba kipi. Akiingia uani, kila mmoja husafisha uso na kusema hapana tatizo. Yeye sharti ayaone yale yaliyofichwa bila ya kuwavunjia watu heshima, kwani kesho atarudi tena mlango ule ule. Sasa msome Bwana Msa anavyoingia nyumba za watu katika vile vitabu, anavyotia udhuru, anavyosifu kahawa, huku jicho lake liko kwingine. Conan Doyle wa Uingereza, aliyemleta Sherlock Holmes duniani mwaka 1887, alikuwa daktari, na alijifunza kupeleleza kwa kutazama wagonjwa. Mzee wetu huyu, ambaye Bwana Msa wake ana nasaba ya wazi na yule Holmes, alipita katika mitungi na mabirika ya Unguja. Kwangu mimi hiyo ni shule ile ile.

Baada ya miaka kumi aliiacha kazi ya afya akaingia katika uandishi wa habari. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi katika magazeti ya Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Wazee waliokuwapo Unguja zama za siasa watashangaa kuyasikia majina hayo yakitajwa kwa pumzi moja. Al Falaq lilikuwa gazeti la jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilikuwa sauti ya upande wa Waafrika, upande uliokuja kuwa wa Afro-Shirazi. Uchaguzi wa kwanza ulifanywa Julai 1957, na tangu hapo watu waliokuwa wakizikana pamoja wakaanza kususiana maduka na hata maziko. Mtu aliyeshika kalamu katika meza za pande zote mbili bila shaka alisikia mengi. Alisikia jinsi habari moja inavyosimuliwa kwa namna mbili, na kila msimuliaji ameapa.

Ni wakati huo huo wa joto la siasa ndipo alipoandika hadithi yake ya upelelezi. Shirika la East African Literature Bureau liliendesha shindano la kuandika hadithi za Kiswahili mwaka 1957 na 1958, na Mzimu wa Watu wa Kale ikapata zawadi ya kwanza. Ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1960, na aghalabu hutajwa kuwa ndiyo riwaya ya kwanza ya upelelezi katika Kiswahili.

Ili tuione thamani ya jambo hilo, tukumbuke msomaji wa Kiswahili wakati ule alikuwa na nini mkononi. Alikuwa na tungo za Shaaban Robert, ambazo ni hazina, lakini ni hazina ya kusomwa kwa utulivu na mazingatio. Alikuwa na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela. Na akitaka vituko, alikuwa na vitabu vya Wazungu vilivyofasiriwa, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, ambamo mashujaa ni wageni waliokuja kutafuta dhahabu. Hapakuwa na kitabu ambacho mwerevu wake ni mtu aitwaye Musa, aendaye kwa miguu katika vijiji kama vyetu, na siri anayoitafuta ni ile ile ambayo majirani huinong'ona: fulani ni mtoto wa nani hasa, shamba lile lilipatikanaje, na ndoa ile ilifungwaje haraka namna ile. Ukivitazama vitabu vyake vyote utaona mauaji ni mlango tu wa kuingilia. Ndani ya nyumba mna nasaba, urithi na aibu zilizofunikwa.

Na uko pia ule mzimu wenyewe. Wako waliosema, hata mjomba wangu alisema, kwamba kitabu chenye jina la mzimu hakifai kuwekwa nyumba ya Muislamu. Nilipokwisha kukisoma nilimjibu kwa adabu kwamba ni kinyume. Katika kitabu kile, wanaoogopa mzimu ndio wasioona kitu. Bwana Msa haupigani nao mzimu wala hautukani. Huupita tu akaenda kuuliza nani alionekana njiani na saa ngapi. Muuaji huja kuonekana kuwa ni mwanadamu mwenye tamaa yake, na mzimu huwa ni mahali tu.

Sasa nieleze jambo la aibu yangu, kwani bila ya hilo nisingekuwa na sababu ya kuandika makala haya.

Siku ya pili ya kitabu kile nilishindwa kungoja usiku. Nilikiweka chini ya meza ya duka, juu ya magoti, na kila mteja akitoka nikainama. Dukani tulikuwa wawili: mimi, na kijana mmoja wa Rongai aliyekuwa akibeba marobota na kufagia, mkimya, mwenye umri kama wangu. Sote wawili tuliruhusiwa kugusa kasha la fedha. Alasiri alikuja mkulima wa Njoro kupunguza deni lake. Akanipa fedha, nikaandika katika daftari la siku, nikamtakia safari njema, nikarudi kwa Bwana Msa. Wallahi sikuiona hata sura yake.

Mjomba alipofunga hesabu baada ya Magharibi zilikuwa zimepungua shilingi 450. Zilikuwa nyingi, zaidi ya mshahara wa mwezi wa yule kijana. Alihesabu mara ya pili, na mara ya tatu. Kisha akamtazama kijana. Mimi hakunitazama kabisa, kwani mimi nilikuwa mtoto wa dada yake. Kijana aliapa kwa Mungu na kwa mama yake. Mjomba akamwambia atoke, na mshahara wa mwezi ule asiungoje. Alitoka na mvua ikinyesha, bila ya koti. Kisha mjomba, ambaye hakuwa akikosa safu ya mbele msikitini, alisema atamwita mpiga ramli wa mtaa wa pili ili aonyeshe fedha zilipofichwa. Sote tumefundishwa hukumu ya mwenye kumwendea kahini na kumsadiki, na mjomba aliijua kuliko mimi. Lakini shilingi 450 ni shilingi 450.

Nilirudi chumbani nikaendelea kusoma. Naliandika hili bila ya kulipamba: kijana mwenzangu amefukuzwa usiku, nami nilikuwa na haraka ya kujua nani alimuua tajiri wa kitabuni. Ila kulikuwa na kitu kilichoanza kunisumbua. Kila mara Spekta Seif anapokuwa na mtu wake wa kumkamata, Bwana Msa hurejea kwenye jambo dogo ambalo kila mmoja amelipita. Nikajiuliza ni nani aliyelitazama lile daftari la siku zaidi ya kujumlisha. Saa nane za usiku nilishuka na tochi. Daftari la siku lilisema mkulima wa Njoro amelipa shilingi 500. Nikafungua daftari la madeni, ambalo mjomba alikuwa akiliweka mbali. Deni lake lote lilikuwa shilingi 320.

Hapana mtu alipaye 500 kwa deni la 320. Alikuwa amelipa 50. Ile sifuri ya pili ilikuwa yangu, na mwandiko ulikuwa wangu, mkia wake ukiwa umevutwa kama wa mtu aliyekuwa akitazama kwingine.

Nilikaa pale sakafuni, katikati ya mablanketi, mpaka alfajiri. Nilimwambia mjomba tulipotoka msikitini. Hakunipiga, lau angenipiga ingekuwa nafuu. Alinyamaza, akafungua kasha, akahesabu mshahara kamili wa yule kijana na kitu juu yake, akanipa nauli ya basi.

Rongai ni mwendo wa kama kilomita 30 kutoka Nakuru. Nilimkuta katika mahindi ya mama yake akipalilia. Nilimweleza yote, na sifuri, na kitabu. Alizipokea fedha, akazihesabu mbele yangu noti moja moja, jambo ambalo nilistahiki. Nikamwambia mjomba anamtaka arudi. Akasema hatorudi. Kisha, nikiwa nimekwisha kugeuka, akaniuliza kitabu gani hicho kilichokuwa kizuri kiasi hicho. Nilikuwa nacho mfukoni mwa koti, nikampa.

Jioni ile barazani Bondeni habari zilikuwa zimekwisha kuenea, na mzee mmoja aliyewahi kupikia Wazungu Naivasha alinihurumia akanipa hadithi. Akasema nisijione peke yangu, kwani bonde hili la Ufa lina kesi yake iliyowashinda wakubwa. Akanisimulia habari za Lord Erroll, Josslyn Hay kwa jina lake, aliyekuwa na nyumba kubwa nyeupe ya mtindo wa Kimoroko kando ya ziwa Naivasha. Wazungu wenyewe waliiita kasri la majini. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941 alikutwa ndani ya gari lake karibu na Karen, nje ya Nairobi, amepigwa risasi ya kichwa. Mwenye mke aliyekuwa akipendana naye, Sir Jock Delves Broughton, alishitakiwa, na mahakama ikamwachilia Julai mwaka ule. Desemba 1942 alijiua kwa dawa katika hoteli moja Liverpool. Mpaka leo hapana aliyehukumiwa. Vitabu vimeandikwa, filamu imepigwa, na kila mwandishi ana muuaji wake. Yule mzee alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa karibu na jiko la wakubwa, kwamba polisi waliwauliza Wazungu kwa miezi, lakini watu walioijua saa ya kila taa kuzimwa walikuwa jikoni na bustanini. Sina njia ya kulipima neno lake. Lakini nilifikiri kwamba Bwana Msa angeanzia jikoni.

Turudi kwa Muhammed Said Abdulla. Mwaka 1958, mara baada ya lile shindano, aliacha magazeti ya siasa akawa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Mtu atadhani ni kushuka daraja, kutoka habari za vyama kwenda habari za mbolea. Mimi naona alikuwa na bahati, au busara. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipokuja, magazeti ya vyama na wenyewe yalisombwa, naye alibaki kwenye meza ya Mkulima mpaka alipostaafu mwaka 1968. Kwa miaka kumi aliandikia watu wanaojua mti gani unazaa na upi umekauka. Lugha yake haikupata nafasi ya kuota mapambo ya bure.

Mwaka ule ule aliostaafu kilitoka kitabu chake cha pili, Kisima cha Giningi. Watu wa Unguja na Pemba hawahitaji kuambiwa Giningi ni wapi. Ndiyo ile nchi ya wachawi isemwayo katika hadithi, ambayo hapana aliyeifika akarudi na picha yake. Jina ni la kutisha watoto, na mwandishi alifanya tena mchezo wake wa mara ya kwanza, wa kumwita msomaji kwa ngoma ya wachawi kisha akamkalisha chini na kumtaka afikiri.

Hapo sasa, katika umri ambao wenziwe walikuwa wakihesabu tasbihi na pensheni, ndipo kalamu ilipokimbia. Duniani Kuna Watu kilitoka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, na Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Vinne kwa miaka minne. Msomaji ataona ni kwa nini nilipokuja kuiona Siri ya Sifuri katika duka la vitabu Mombasa nilisita kabla ya kuinunua. Sifuri ya mwenyewe haina uhusiano wowote na ya kwangu, lakini niliisoma nikiwa nimekaa wima.

Wakati huo hakuwa tena peke yake shambani. Faraji Katalambulla alikuwa amekwisha kutoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na mambo yake ni ya Dar es Salaam, simu, magari na polisi wa mjini. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, jasusi wa bastola na ndege na wanawake wa hoteli. Vijana waliwakimbilia hao, na sina ugomvi nao. Nimewasoma na nimefurahi. Hata hivyo mtu akisoma Gamba hujua tangu mwanzo kwamba bastola italia. Kwa Bwana Msa hulia kikombe cha kahawa kikiwekwa juu ya sinia, na mtu aliyekiweka ameona mkono wake unatetemeka.

Nitasema pia kasoro zake, maana sifa tupu ni za matangazo ya sabuni. Bahati hufanya kazi nyingi mno katika vitabu vyake. Watu hufanana kupita kiasi, nasaba hufungamana mpaka mtu atake kalamu na karatasi, na Bwana Msa mwishoni huwakusanya watu akaeleza kwa kirefu kama mwalimu wa darasa. Wanawake aghalabu huwa ni wenye siri, mara chache huwa wenye kuitafuta. Mke wangu, aliyevisoma vyote, hunikumbusha hilo la mwisho kila ninapomsifu mzee yule, nami sina jibu.

Mwaka 1984 kilitoka cha mwisho katika vile vitabu saba, Kosa la Bwana Msa. Nakumbuka nilipolisoma jina lile nilisimama njiani. Yule mtu ambaye katika vitabu vyote huona tuliyoyapita sisi, mwandishi wake, akiwa na miaka 66, aliamua jalada la mwisho liseme kosa ni lake. Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe, na sisi tukifika alipofika.

Sikupata kumwona. Mara mbili nilifika Unguja akiwa hai, na mara mbili niliona haya kwenda kumwambia mzee wa watu kwamba kitabu chake kilinifanya nimdhulumu kijana wa watu, na kwamba kitabu hicho hicho ndicho kilichonifanya nishuke na tochi saa nane za usiku. Ningeanzia wapi?

Nimesahau kumalizia habari ya kile kitabu. Miezi miwili baadaye yule dereva wa Tanga alirudi Nakuru na shehena ya saruji, akaja dukani moja kwa moja, hata salamu hakuimaliza, akakiulizia. Nikamwambia kimekwenda Rongai. Nilitoa fedha nimlipe, akazikataa kwa hasira. Alikuwa amefika karibu na mwisho alipokisahau, na miezi miwili alikuwa akiendesha gari kutoka Mombasa mpaka Malaba bila ya kujua muuaji ni nani. Amewauliza madereva wenzake njia nzima, hapana aliyekisoma.

Basi baada ya Isha tuliketi barazani, naye akaagiza kahawa kwa fedha zake, nami nikaanza kumsimulia. Wazee wakasogea, na yule mpishi wa Naivasha akaja na kigoda chake. Dereva alinizuia mara nyingi, akitaka niyaseme maneno kama yalivyo kitabuni nisiyafupishe. Mjomba alikuwa ndani ya duka akifunga hesabu, na mlango aliuacha wazi. Nilipofika mahali ambapo Bwana Msa anakaribia kumtaja mtu wake, niliisikia sauti ya daftari ikifungwa, na mjomba akatoka na taa mkononi akasimama nyuma yetu, akidai kwamba ametoka kutazama mvua.